Kwanza Tuulize Saa Ngapi

(Hotuba kwa wazazi, walezi, wahamasishaji wa afya ya jamii na wenye maduka ya dawa, Kayole, Nairobi)

Akina mama na akina baba, shosho na guka mlioketi hapa mbele, wahamasishaji wetu wa afya ya jamii, ndugu zangu wenye maduka ya dawa, na dada zetu mnaolea watoto wa wenzenu kutwa nzima: hamjambo. Asanteni kwa kuiacha Jumamosi yenu, ambayo najua ndiyo siku ya kufua na ya soko, mkaja tuzungumze juu ya watoto.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kupokea watoto wanaoletwa kwa dharura, na leo nitasema juu ya wale walioletwa kwa sababu wamemeza dawa ya mtu mwingine. Ni watoto wa mwaka mmoja, miwili, mitatu. Ameokota kidonge cha presha chini ya kitanda akakitia mdomoni, kwa maana katika umri huo kila kitu hujulikana kwa mdomo. Au amemwona mama akimeza, naye akataka kufanya kama mama.

Mtoto kama huyo akiingia mlangoni, swali la kwanza ni lilelile: "Mama alikuwa wapi?" Anauliza askari wa getini. Anauliza baba kwenye simu. Anauliza mama mkwe. Hata baadhi ya wahudumu wa afya huuliza. Nimekuja kuwaomba tuliache swali hilo, na mahali pake tuweke hili: "Amemeza saa ngapi?" Siombi hivyo kwa sababu ya huruma tu, ingawa huruma nayo ni haki ya mama yule. Ukimuuliza mama alikuwa wapi, atanyamaza au atabuni jambo. Ukimuuliza saa, atakupa habari ambayo daktari anaihitaji kuliko nyingine yoyote.

Niwaeleze kwa nini saa ina uzito hivyo. Chukueni vidonge vya kuongeza damu, vile ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki. Kidonge kimoja kina miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Kwa mama mjamzito ni dawa njema, na sitaki mtu atoke hapa akaitupe. Lakini mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 10 hivi. Chuma kikipita miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili wake, kinaanza kumdhuru. Kikifika 60 kwa kila kilo, maisha yake yamo hatarini. Pigeni hesabu wenyewe: kilo 10 mara 60 ni miligramu 600, na hivyo ni vidonge kumi. Mgao wa mwezi mmoja ni vidonge 30. Vidonge hivyo 30 viko kwenye nyumba ambayo mara nyingi ina mtoto mwingine anayetambaa, maana mwenye mimba ya pili ndiye huyo huyo mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Na vingine vina rangi nyekundu na ganda tamu. Mtoto atavitofautishaje na peremende?

Sasa sikilizeni mwenendo wake. Saa za mwanzo mtoto anatapika, anaharisha, pengine na damu. Kisha anatulia. Anaweza kukaa saa nyingi hivyo, hata usiku mzima, akionekana amepata nafuu, ananyonya, anataka kucheza. Jirani anasema, "Si unaona, ametapika yote, amepona." Mama anamshukuru Mungu na kumlaza. Muda huo wote chuma kimekwisha ingia kwenye damu na kinaliumiza ini na moyo. Kinachofuata ni mikono kuwa baridi, mwili kulegea, na mtoto kuzimia. Dawa ya kukitoa chuma mwilini ipo, huitwa deferoksamini, nayo hupitishwa kwenye mshipa. Anayeweza kunufaika nayo ni mtoto aliyefikishwa mapema, si yule aliyelazwa nyumbani kwa kuwa ametulia.

Parasetamoli nayo ina ukimya wake. Hii ndiyo dawa tunayoiamini kuliko zote, na kwa kipimo chake inastahili kuaminiwa: miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa saa 24. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni miligramu 150 kwa mara moja, na sirapu ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5. Kidonge cha mtu mzima kina 500. Kwa hiyo anayekiponda kidonge kizima na kumkorogea mtoto kwenye uji amempa zaidi ya mara tatu ya kipimo. Halafu homa haishuki, anakwenda dukani anapewa dawa ya mafua, na ndani ya dawa ile ya mafua mna parasetamoli tena. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtoto akizidishiwa sana, au akiinywa chupa mwenyewe, siku ya kwanza anaweza kuwa mzima kabisa machoni pa watu, au kutapika kidogo tu. Ini linaanza kulia siku ya pili au ya tatu. Dawa yake, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri sana ikianzwa ndani ya saa nane tangu kumeza. Saa nane, ndugu zangu. Mtu aliyemeza saa nne asubuhi, muda huo unaisha saa kumi na mbili jioni, wakati baba ndiyo kwanza anapanda matatu kurudi nyumbani.

Na dawa za sukari za shosho. Kidonge kimoja tu cha glibenklamidi kinaweza kuishusha sukari ya mtoto mdogo hadi akatoka jasho, akalegea, akashikwa na degedege. Si lazima iwe mara moja. Inaweza kutokea baada ya saa nyingi, usiku wa manane, wakati kila mtu amelala na hakuna anayemtazama. Ndiyo maana tukimpokea mtoto aliyemeza kidonge hicho humlaza wodini na kumpima sukari usiku kucha hata kama anarukaruka kitandani. Wazazi wengine hukasirika, wakidhani tunawatafutia bili. Dawa za presha za jamii ya amlodipini na nifedipini, na zile za amitriptilini ambazo watu hupewa kwa msongo wa mawazo au maumivu ya neva, nazo ni za kuogopwa hata zikiwa chache sana kwa mtoto wa umri huo.

Kwa hiyo usingoje dalili. Akiwa amemeza, au ukishuku amemeza, ondoka.

Sasa turudi kwenye lawama, maana hapo ndipo saa zetu nyingi zinapotelea. Dada wa kazi anaona mtoto ameshika bahasha ya dawa, vidonge vimetawanyika sakafuni, mdomo una rangi. Anajua akipiga simu kwa mama mwenye nyumba atafutwa kazi siku hiyo hiyo, pengine na mshahara wa mwezi auache. Afanyeje? Anavizoa vidonge, anamsafisha mtoto mdomo, anamwomba Mungu asiumwe. Mama mwenye nyumba anarudi jioni anamkuta mtoto amelala usingizi mzito, anadhani amechoka kwa kucheza. Ninyi mlioajiri dada wa kazi, nawasihi mkifika nyumbani leo mketi naye, mmwambie kwa kinywa chenu kwamba akiwapigia simu mapema kwa jambo la namna hii hataguswa kazi yake. Mwambieni kabla ya ajali. Baada ya ajali hatawaamini.

Wakati mwingine kinachofichwa ni dawa yenyewe. Mtoto anafika akiwa na degedege lisilokoma. Tunauliza, "Kuna dawa gani nyumbani?" Jibu: "Hakuna." Tunapima malaria, tunafikiria homa ya uti wa mgongo, tunampa dawa za kawaida za degedege na hazimtulizi. Kumbe nyumbani kuna mtu anatumia dawa za kifua kikuu, na mtoto ameokota isoniazidi. Degedege la isoniazidi linahitaji vitamini B6, ile inayoitwa piridoksini, kwa wingi na kwenye mshipa. Ni dawa ya bei nafuu. Lakini daktari haimjii tu kichwani, lazima aambiwe. Na mama hakusema kwa sababu majirani wawili walimsindikiza na walikuwa wamesimama pale pale wakisikiliza.

Vivyo hivyo kwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Vivyo hivyo kwa tembe za kupanga uzazi ambazo mume hajui kama ziko ndani ya nyumba. Na tembe hizo za uzazi madhara yake kwa mtoto huwa madogo, kwa hiyo ukizitaja mapema unamwondolea mtoto wasiwasi na vipimo vingi bure. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuliwa ni mtoto ambaye hakuficha chochote. Omba kuongea na muuguzi au daktari kando. Ni haki yako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu virusi vya ukimwi inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake. Mlete mtoto, mtume jirani akanunue maji, kisha useme.

Nikija kwenye yale tunayofanya nyumbani kabla ya kuondoka, niruhusuni niwe mkali kidogo. Maziwa si dawa ya sumu. Najua mtaa mzima unaamini maziwa, na jirani wa kwanza kufika huja na pakiti mkononi. Hayazimui chuma, hayazimui dawa ya sukari, na yakimjaza mtoto tumbo yanaweza kumtapisha akapaliwa. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi: chumvi nyingi yenyewe humwua mtoto. Mayai mabichi, mafuta ya kupikia, majivu, makaa ya jiko yaliyosagwa, viacheni. Makaa tunayotumia hospitalini ni ya aina nyingine, yametengenezwa kwa kazi hiyo, hufaa zaidi yakitolewa ndani ya saa ya kwanza, na kwa chuma hayasaidii hata kidogo. Wala usimtie kidole kooni atapike. Zamani nchini Marekani familia zilishauriwa kuweka nyumbani sirapu ya ipekaki ya kumtapisha mtoto. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha huko kikasema isitumike tena nyumbani. Kama wao waliokuwa na chupa maalumu wameacha, sisi wa kidole na maji ya chumvi tunangoja nini?

Fanya hivi. Kilichobaki mdomoni kitoe kwa kidole taratibu. Tazama saa. Zoa vidonge vyote vilivyobaki, chukua bahasha au chupa, hata kama ni tupu, uvitie mkobani. Kama hajitambui au anashikwa na degedege, mlaze ubavu na usimpe chochote mdomoni. Kama walikuwa watoto wawili pamoja, nendeni nao wote wawili, kwa sababu hamwezi kujua nani alikula ngapi. Kisha ondoka. Unaweza kupiga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, lakini usikae ukisubiri ambulensi huku boda iko mlangoni na mtoto bado anapumua vizuri. Kutoka hapa Kayole, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki si mbali. Wala usisubiri pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Fika kwanza, hayo mengine tutayaongea mtoto akiwa na sindano mkononi.

Mafuta ya taa nayataja kwa haraka, ingawa hayamo kwenye mada yetu, kwa kuwa najua mtaniuliza. Yakae kwenye chombo chake, kamwe yasikae kwenye chupa ya soda. Akiyanywa, usimtapishe kabisa: yakirudi juu yanaingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoumiza. Mafuta ya kuchua misuli nayo ni ya kufungiwa. Yale yenye harufu kali ya wintergreen, kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yakiwa halisi kina nguvu sawa na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini.

Sasa nyumba. Mabango yetu ya afya yanasema: "Weka dawa kwenye kabati iliyofungwa, mahali pa juu." Nimekuwa nikilitazama bango hilo nikiwaza ni nyumba ya nani. Nyumba nyingi za hapa kwetu na kule Mukuru, Mathare na Korogocho ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Kitanda, jiko, mtungi wa maji, nguo, vitabu vya shule, vyote humo. Juu ni wapi, wakati kitanda kiko chini ya rafu na mtoto wa miezi 18 ameshajua kupanda kitandani? Kumwambia mama huyu akanunue kabati ni kumtania. Ninachokiona kikifanya kazi ni mkebe wa plastiki wenye kifuniko kigumu, kufuli ndogo ya kibandani, na msumari uliopigiliwa kwenye mbao ya paa, mbali na kitanda, mkebe ukaning'inizwa hapo. Dawa zote za nyumba ziingie humo, za mama, za baba, za shosho. Mfuko wa juala kwenye msumari wa mlangoni hautoshi. Mtoto huvuta chochote kinachobembea.

Na shosho akija kutoka ushago, mpokeeni mkoba. Nasema hivi kwa heshima yote, shosho zangu. Mnakuja na dawa za presha na sukari za mwezi mzima ndani ya mkoba, mkoba unawekwa kitandani, na mjukuu anajua tangu zamani kwamba mkoba wa shosho huwa na peremende. Mkiingia tu, kabla ya chai, mwambieni mkaza mwana achukue zile dawa azitie kwenye mkebe. Tena tuache kumbembeleza mtoto mgonjwa kwa kumwambia dawa ni tamutamu. Mwambieni ni dawa. Atalia, mtamshika, atameza.

Ndugu zangu wa maduka ya dawa, nimewaacha mwisho kwa sababu nina mengi nanyi. Mwaka 1967, mjini Windsor huko Kanada, daktari wa watoto aitwaye Henri Breault, aliyechoka kupokea watoto waliokula aspirini, aliisukuma kampuni ibuni kifuniko cha chupa ambacho lazima ukikandamize ndipo ukizungushe. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria ya vifungashio vya namna hiyo, na vifo vya watoto kwa dawa vikapungua sana. Kifuniko hicho hakizuii kila mtoto. Katika kukipima huwapa watoto wa miaka mitatu na nusu hadi minne na kitu, na kinapita mtihani iwapo watoto 80 katika kila 100 wameshindwa kukifungua kwa dakika kumi. Ina maana wachache hufungua. Lakini dakika kumi ni muda wa mama kugeuka na kuona.

Sisi bado tunahesabu vidonge kutoka kopo kubwa na kuvitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi au plastiki ambayo mtoto wa miezi tisa huifungua kwa fizi. Na juu ya bahasha tunaandika nini? "1x3." Basi. Jina la dawa hakuna. Mtoto analetwa amezimia, mama amekumbuka kuja na bahasha kama tulivyomfundisha, tunaichukua kwa matumaini, na inasema 1x3. Vidonge ndani ni vyeupe, vya mviringo, kama mamia ya vidonge vingine. Najua bei ya vifungashio vizuri inawabana, na hilo ni la Bodi ya Dawa na Sumu na watengenezaji kulibeba, nami sitachoka kulidai kwao. Lakini kalamu mnayo. Andikeni jina la dawa, miligramu zake, idadi mliyotoa, na tarehe. Tukijua mlitoa 30 juzi na mama anameza kimoja kwa siku, na ndani tumekuta 15, tutajua ndani ya dakika moja kwamba 13 hazina maelezo, na tutajua la kufanya. Pale dawa inapokuja kwenye pakiti ya kubonyeza, msiibanje mkaimwaga. Mpeni mgonjwa na pakiti yake, kwa kuwa kubonyeza kidonge kimoja kimoja humchelewesha mtoto. Na mkiuza sirapu, toeni na sirinji ya kupimia. Vijiko vya nyumbani havilingani; cha chai kinakisiwa mililita 5, cha mezani 15, na mama mwenye usingizi saa tisa ya usiku hachagui kijiko, anachukua kilicho karibu.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ninyi mnaingia nyumba ambazo sisi hatuingii. Mkipita kupima presha ya mzee au kumwona mama mjamzito, inueni macho mwulize, "Dawa zinakaa wapi?" Mkiambiwa "hapo tu," ombeni mwonyeshwe hapo tu.

Tumeweka meza mbili upande wa kulia karibu na dirisha. Wale mliokuja na bahasha za dawa kutoka nyumbani kama mlivyoombwa, wafamasia wetu watazitambua na kuziandika majina, na zile zilizopitwa na wakati watazipokea. Mwenye la siri aniambie, nitaongea naye nje chini ya mti. Maswali mengine tuyachukue sasa, tukianza na mama pale nyuma aliyeinua mkono zamani.